Chemchemi ya Meneja

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Siku njema huonekana asubuhi. Mimi niliamka saa tatu, kwa hiyo sikuiona ikianza. Lakini ni njema!

Bi Jaha, mwenye nyumba wetu, alituita uani mimi na mpangaji mwenzangu Obedi, fundi baiskeli wa chumba cha nyuma. Kesho anakwenda Kolo kumwoza mjukuu. Atarudi Jumamosi ya tarehe 15. Akasema chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, kimekaa bure tangu kinyozi ahamie Kibaigwa kuwafuata madalali wa mahindi. Akirudi ataamua nani apewe, na miezi sita ya kwanza hatadai kodi. Nilimwona Obedi akimeza mate. Mimi nilimeza yangu kistaarabu.

Kisha, mbele ya Obedi huyohuyo, akanikabidhi mimi paka wake! Jina Meneja. Mweupe, mnene, ana uso wa mtu anayesubiri uchelewe ili akukate mshahara. Nilifanya kazi miaka kumi na minne katika ghala la shirika la umma, mpaka wakaja wawekezaji wakatupunguza, watu na makabati pamoja. Meneja wa kwanza alinitoa kazini. Huyu wa pili atanirudisha mjini.

Masharti. Paka ana mawe kwenye kibofu, lazima anywe maji sana. Na maji yaliyotuama hayagusi, anataka yanayotiririka. Bi Jaha akasema nimpe saa za swala, mara tano kwa siku, na kwamba mtu wa swala kama mimi hatapata taabu. Nikasema inshallah, nikatazama chini kwa unyenyekevu.

Tayari nakiona kibao: SWEDI NA WENZAKE, BIDHAA ZA DUBAI. Mke wangu Shamila anaona kitu kingine. Anasema chumba kile kingefaa cherehani yake. Anashona barazani, na upepo wa Oktoba hapa Dodoma hauna adabu. Wiki iliyopita gauni la bibi harusi liligeuka rangi ya udongo kabla mkono wa pili haujashonwa. Alilifua, akaanza upya. Cherehani hiyo ndiyo inayotulisha tangu nipunguzwe, hilo sikatai. Nikamwambia avumilie, atapata kona yake nyuma ya majokofu. Akauliza majokofu gani. Nikasema nitakayokuwa nauza.

Jumanne, 4 Oktoba

Bi Jaha ameondoka na basi la asubuhi. Sikumuaga, nilikuwa nimelala. Shamila alimsindikiza, wakaongea njia nzima mambo yao ya kike.

Nimeanza kazi saa nne. Bakuli la bati. Meneja kalitazama, kanitazama, kaondoka. Nikadhani bati linanuka. Bakuli la udongo. Kaondoka. Glasi ya harusi yetu, ile ya maua ya dhahabu, iliyokuwa imebaki moja. Kaisukuma kwa mkono wa kushoto mpaka ukingoni mwa meza, kaniangalia usoni, kaiangusha.

Nikaenda kufungua bomba la uani. Likakohoa, likatoa buibui. Nilisahau mgao! Hapa Majengo maji yanatoka Jumatano na Jumamosi, yakipenda, siku nyingine tunachota kwenye pipa letu.

Nimemwita Eliakimu, bwana mifugo. Kambonyeza Meneja tumbo, kaniambia bila kuzunguka kwamba mnyama huyu asipokunywa mkojo utaziba, na ukiziba siku mbili mtaanza kutafuta jembe. Shamila akasema mbona yuko sawa. Eliakimu akasema kwa leo, ndiyo. Nimetega saa ya kengele ilie Alfajiri, nimhudumie mapema.

Jumatano, 5 Oktoba

Saa ililia. Niliizima kwa mguu. Shamila alikuwa ameshaamka kama kawaida yake. Nilisikia mlango, kikohozi, birika likigonga sakafu ya uani. Nikalala tena.

Ajabu moja: Meneja anakojoa. Kakojoa ndani ya kiatu changu cha kulia. Maji anayatoa wapi sijui. Labda ana akiba mwilini, kama ngamia.

Lakini akiba huisha. Nahitaji mtambo! Nimekaa na karatasi na kalamu kuchagua, nikakataza mtu yeyote asinisumbue. Mtambo wa kwanza: mtungi uliotobolewa chini, unaning'inizwa kwenye boriti, maji yanatiririka yenyewe. Niliutoboa kwa msumari, ukatoboka zaidi ya nilivyouomba. Debe zima liliteremka juu ya vitambaa vya sare za shule ambavyo Shamila alikuwa ameshavikata na kuvipanga. Meneja alitazama kutoka dirishani, mkavu.

Mtambo wa pili: mpira wa dripu. Jirani katoka kulazwa, kanipa chupa na mpira wake. Tone, tone, tone. Safi kabisa! Meneja alipendezwa. Kaukamata mpira, kaung'oa, kaingia nao chini ya kitanda, na huko hatoki.

Maji ya bomba leo hayakutoka. Shamila ameanika vitambaa na hajasema neno. Mke akigomba unajua ulipokosea. Akinyamaza unabaki kuhesabu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimeupata! Nimeupata!

Nilikwenda kwa Abdulnasiri, karibu na soko. Tangu biashara iwe huria, duka lake lina kila kitu ambacho hakuna anayekihitaji: saa zinazoongea, maua yasiyokufa, vitambaa vya meza vinavyong'aa gizani. Nikamweleza natafuta kitu cha kumnyweshea paka maji yanayotembea. Hakucheka. Mfanyabiashara wa kweli hacheki. Kaingia nyuma, katoka na chemchemi ya mezani. Beseni la plastiki, mlima wa plastiki, na juu ya mlima kichwa cha simba anayetema maji. Umeme unayapandisha, yanashuka, yanapanda tena. Maji yaleyale! Hayapotei hata tone! Na macho ya simba yanawaka taa nyekundu. Abdulnasiri anasema Dubai kila paka wa heshima anayo. Nikauliza kweli? Akaapa kwa duka lake.

Hela sikuwa nayo. Tumebadilishana na radio kaseti. Radio ilikuwa ya Shamila kwa maana kwamba alikuja nayo alipoolewa, na huwa anasikiliza taarabu akishona. Nikamweleza kwamba tukipata chumba tutakuwa na radio kumi, rafu nzima. Akasema alikuwa na moja na ilimtosha.

Cherehani imekwenda mbio mpaka Magharibi, bila muziki. Nilijisikia vibaya kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Ijumaa, 7 Oktoba

Asubuhi hakuna umeme. Mgao wa maji na mgao wa umeme kila mmoja ana kalenda yake na hawataki kukutana. Saa nane umeme ukarudi. Simba akanguruma, maana pampu ina sauti. Macho mekundu. Akatema. Meneja kapanda juu ya kabati kwa mruko mmoja. Paka mwenye mawe kibofuni! Hakushuka mpaka adhana ya Alasiri, ndipo akapita miguuni mwangu kwenda uani alikokuwa Shamila. Woga tu huo. Sikumfuata.

Obedi alikuja na salamu yake ya Kigogo, "mbukwenyi", na mikono yenye grisi, kutazama. Kasema kwao Wagogo, kiangazi kama hiki, wanafukua mchanga wa korongo mpaka maji yachuruzike, na ng'ombe mwenyewe ndiye anayeonyesha pa kunywea. "Mwangalie anakokwenda, ndugu Swedi," kaniambia. "Mnyama hafichi kiu." Nilielewa mara moja. Anataka nimwachie paka azurure, apotee, chumba kiwe chake cha kuuzia cheni na spoku! Nimemshukuru na kufunga mlango.

Jumamosi, 8 Oktoba

Aibu. Naandika nikiwa nimefunga madirisha.

Niliacha chemchemi ikienda dirishani ili Meneja azoee sauti. Bombani, siku ya maji, maji hayakutoka. Sasa fikiria mtaa mzima mkavu, Oktoba, na dirishani kwa Swedi kunasikika maji yakitiririka. Nilipoamka nilikuta foleni. Ndoo thelathini na moja. Madumu. Sufuria. Jiwe moja lililowekwa kumshikia mtu nafasi, na ndala ya kushoto kwa kazi hiyohiyo. Akina mama wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wangu, wamestarehe. Wanasema nimejivutia bomba la siri, na kwamba ni uungwana kugawana. Nikaeleza kuwa ni maji ya paka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wakamleta Mzee Mazengo, balozi wetu wa nyumba kumi. Kaingia, kavua kofia, kamtazama simba akitema. Muda mrefu. Kauliza maji haya ya nani. Nikasema ya paka. Paka yuko wapi? Juu ya kabati. Mzee akavaa kofia yake. Kasema ana miaka sabini na miwili, ameona ukame wa kila aina, lakini hajapata kuona mtu akiwatesa majirani kwa sauti ya maji. Kaamuru nigawe yaliyomo. Beseni lilitoa vikombe sita. Mwenye jiwe alipata cha tatu.

Mtaani sasa naitwa Bwana Maji. Salwa, binti yetu wa miaka tisa, ameulizwa na wenzake kama baba yake ni mgonjwa. Alinijia akaniuliza na yeye.

Jumapili, 9 Oktoba

Nyuki!

Mtoto yeyote wa Dodoma anajua kwamba kiangazi huachi maji wazi. Mimi nimezaliwa hapa. Nilisahau. Alikuja mmoja saa nne, mpelelezi. Baada ya robo saa ukaja ukoo wake. Walijipanga kwenye midomo ya simba, kwenye pua, kwenye macho. Nikawasha kitambaa kuwafukuza kwa moshi, na kitambaa kikawa kola za sare ambazo Shamila alikuwa ameokoa kwenye mafuriko ya Jumatano. Nimeumwa mara tisa. Moja kwenye kope.

Obedi kasikia kelele, kaja na gunia bichi kichwani, kaibeba chemchemi mpaka uani taratibu kama mtu anayebeba mayai. Nyuki wakanywa, wakashiba, jua lilipozama wakaenda zao. Sikumwomba.

Shamila alinipaka kitunguu kwenye jicho. Alicheka kidogo. Kisha akatazama majivu ya kola, akaacha. Ningependa angeendelea kucheka.

Jumatatu, 10 Oktoba

Kope iliniwasha sana, usingizi ukakataa. Adhana ya Alfajiri nimeisikia yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani. Nikachungulia uani kwa jicho zima lililobaki.

Shamila amechuchumaa anatawadha. Birika mkononi, maji membamba yanashuka. Na kando ya mkono wake, shingo imenyooka, ulimi nje, Meneja. Anakunywa! Anakunywa kama mtu aliye kwake! Shamila akamaliza miguu, akaacha maji yaendelee kidogo kwa ajili yake. Paka alipotosheka akakaa, naye akajisafisha uso.

Nilitoka mbio. Tangu lini? Tangu Bi Jaha aondoke. Mara tano kila siku. Ndivyo Bi Jaha mwenyewe anavyomnywesha, kila anapotia udhu, na alimweleza Shamila njiani siku ya safari. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Kasema mwanzo alidhani najua, maana mbele ya Bi Jaha nilikubali kuwa mtu wa swala. Kisha akasema polepole, "Na siku ile ya mtungi nilikuja kukwambia, Baba Salwa. Ukasema usisumbuliwe, unachagua."

Nimekaa kitandani. Glasi. Radio. Sare. Kope. Jina langu mtaani. Vyote kwa kazi ambayo birika linaifanya bila umeme. Nimeona aibu, naiandika wazi, aibu ya kweli. Ilinikaa mpaka kama saa nne.

Saa nne nikawaza vizuri. Bi Jaha akijua kuwa ni birika, chumba atapewa mwenye birika. Ataingia cherehani! Na bidhaa za Dubai? Na mimi nitakuwa nani? Mume wa fundi. Hapana. Akirudi ni lazima amkute Meneja akinywa kwenye chemchemi, kwa macho yake.

Jumanne, 11 Oktoba

Matengenezo siku nzima. Maji yetu yana chumvi, wote tunajua, mabirika ya mji huu yana magamba ndani. Simba kaota ndevu nyeupe. Hatemi tena, anadondosha udenda. Karatasi ya maelekezo ina michoro kumi na mmoja na maandishi ya Kichina. Mchoro wa nne unaonyesha mtu akitabasamu. Sijafika hapo.

Nimeifungua yote. Ndani ya pampu: manyoya ya paka, mchanga, nyuki wawili, uzi wa bluu, kifungo cha sare. Nimesugua kwa ndimu na mswaki wa zamani. Mswaki haukuwa wa zamani, ni wa Salwa. Nimeirudishia. Yaani mtu ukiwa na kitu hiki unakuwa mtumishi wake: ukisafisha leo, kesho kimeziba. Kwa Abdulnasiri hilo halikutajwa.

Macho ya simba nimeyabandika plasta ili asitishe. Meneja ameshuka kutoka kabatini mpaka kitini. Maendeleo! Tatizo lililobaki ni kwamba hana kiu. Birika linamdekeza.

Jumatano, 12 Oktoba

Nimelificha birika.

Nilitaka mahali ambapo Shamila hatatazama. Kioo cha dirisha la chumba cha mbele kimepasuka pembeni, mkono unapita. Nikalipenyeza, likaangukia ndani salama. Nimemwambia Shamila limeazimwa msikitini. Kauliza nani ameazima. Nikasema watu wa msikitini. Kanitazama, kachukua kopo. Anachota kwa kiganja. Hakuna maji membamba. Meneja kakaa mbele ya kopo, kasubiri, kisha kalia. Sauti yake ni ndogo kuliko mwili wake. Sikuwa nimewahi kuisikia.

Bombani leo pia patupu. Nimewasha chemchemi mara tano, saa zote za swala, isipokuwa Alfajiri ambayo ilikuwa saa tatu. Kanusa. Mara moja kagusa maji kwa ukucha! Kesho atakunywa. Kiu haina kiburi.

Alhamisi, 13 Oktoba

Hajanywa. Hajakojoa. Viatu vyangu vyote vikavu. Nimevikagua kila saa, natia mkono mpaka kwenye vidole. Sijawahi kutamani kitu hivi.

Saa sita akalala ubavu sakafuni, na nilipomgusa hakukimbia. Hapo nikaingiwa na hofu, nikaamua birika lirudi. Mkono unapita dirishani lakini haufiki sakafuni. Mlangoni kuna kufuli kubwa na ufunguo uko Kolo. Nilijaribu kwa waya. Nilijaribu kwa fimbo. Nilijaribu kwa waya uliofungwa kwenye fimbo. Obedi kanikuta, kauliza natafuta nini kwenye chumba cha watu. Nikasema napima upepo.

Ningeweza kuazima birika kwa jirani yeyote. Naandika hapa ili isije ikasemwa kwamba sikujua. Nilijua. Lakini wangeuliza la kwetu liko wapi.

Alasiri Shamila alimnyanyua Meneja. Akatazama chemchemi, akatazama kopo, akanitazama mimi. Akamfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, akaacha cherehani barazani na nguo ya mtu ingali chini ya sindano, vumbi likiiangukia, akaenda kwa miguu mpaka kwa Eliakimu. Nilifuata nyuma. Eliakimu akamtoa mkojo kwa mrija, akamwekea maji chini ya ngozi kwa sindano. Kasema tungechelewa mpaka kesho tungekuwa tunatafuta jembe. Kasema paka hakuugua, amenyimwa.

Shamila alilia njia nzima ya kurudi. Si kwa ajili ya chumba, alisema, ila kiumbe kile kilimlilia jana na yeye akaendelea kushona. Nilitaka kumwambia si kosa lake. Ningelazimika kusema ni la nani. Nilitembea hatua kumi nyuma yao, na hakuna aliyegeuka.

Nimeswali Isha. Kwa kopo.

Ijumaa, 14 Oktoba

Bi Jaha amerudi leo! Siku moja kabla! Alipata lifti kwenye gari la wakwe. Akashusha gunia la mtama, akafungua kufuli la chumba cha mbele ili aliweke, na akatoka na birika.

Tulikuwa sote uani, mimi, Shamila, na Obedi na gurudumu lake. Kauliza birika la Shamila limefikaje ndani ya chumba kilichofungwa. Nikasema wezi. Kauliza kama wezi siku hizi wanaingiza. Nikasema tangu soko liwe huria mtu huwezi kuwaelewa.

Hakuna aliyecheka. Shamila angeweza kunimaliza kwa sentensi moja, na ningestahili. Alilichukua birika, akalisuuza, akalijaza, akachuchumaa. Maji membamba yakashuka. Meneja akatoka chini ya kitanda miguu ikimtetemeka, akavuka ua wote, akasimama mara mbili kupumzika. Akafika. Akanywa mpaka birika likaisha, na Shamila akalijaza tena. Bi Jaha alimtazama paka, akaitazama chemchemi yenye plasta machoni, akalitazama jicho langu lililovimba. Akaelewa yote bila kuambiwa.

Akautoa ufunguo kwenye pindo la kanga, akauweka kwenye kiganja cha Shamila. Obedi akasema ni haki kabisa, na kwamba kesho ataleta mbao amtengenezee meza ya kukatia. Nilimsubiri akasirike. Hakukasirika. Nimekuwa nikishindana peke yangu.

Kwangu Bi Jaha alisema maneno machache tu. "Swedi mwanangu, sikukuomba mtambo. Nilikuomba uamke."

Nilijilaza mapema. Nikawasikia uani, yeye na Shamila, wakisimuliana harusi ya Kolo na kucheka. Shamila hajacheka hivyo tangu nipunguzwe kazi. Nililia kidogo, uso ukutani.

Jumamosi, 15 Oktoba

Cherehani imeingia chumba cha mbele. Obedi kashika upande mmoja, Shamila mwingine, mimi nilibeba kiti. Hakuna upepo, hakuna vumbi. Kabla ya saa sita walikuwa wamekwishakuja wateja watatu, na mmoja ni yule wa gauni la harusi, kaleta la mdogo wake. Meneja amelala juu ya vipande vya vitambaa. Shamila kaniambia, bila hasira yoyote, kwamba naweza kukaa humo nikipenda, ila nisiguse kitu. Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wote.

Nimekaa mchana kutwa nikiyatafakari makosa yangu, kama mtu mzima anavyopaswa, na nimeyaona. Kosa lilikuwa umeme. Wazo zuri, beseni zuri, simba hana tatizo. Mgao ndio uliotuangusha, pamoja na kelele za pampu. Mtambo usiotumia umeme, unaomwaga maji membamba kama ya birika, mfululizo, hata mwenye nyumba akiwa Kolo! Bi Jaha angenyoosha mikono. Abdulnasiri angechukua ishirini kwa mpigo. Shamila angerudishiwa radio yake, na angejua mumewe ni mtu wa namna gani. Kinachotakiwa ni gurudumu moja tu zito, na kitu cha kulizungusha taratibu kwa mguu.

Cherehani ina pedali. Ina gurudumu la chuma, zuri sana, linazunguka bila sauti, na mkanda wa ngozi. Nimelitazama tangu asubuhi. Shamila amekwenda dukani kununua zipu, atarudi saa kumi. Sasa ni saa nane na nusu. Muda unatosha kabisa kuifungua, kujaribu, na kuirudishia kabla hajafika kona ya msikiti.

Mkanda umeshatoka. Gurudumu limekaza kidogo, lakini Obedi ameniazima nyundo bila kuuliza ni ya nini.